Safari ya Kwenda Kulitazama Hekalu la Warumi la Dougga

Wako watu wengi wanaodhani kwamba mtu atakaye kuyaona kwa macho yake majengo ya Warumi wa kale hana budi kuvuka bahari mpaka Ulaya. Sivyo. Katika nchi ya Tunisia, kaskazini mwa bara hili la Afrika, liko hekalu la Kirumi ambalo nguzo zake za mbele zimesimama mpaka leo, kuta zake zingaliko, na hata maneno yaliyochongwa juu ya nguzo hizo yaweza kusomwa na kila ajuaye Kilatini. Hekalu hilo limo katika magofu ya mji wa Dougga, ambao zamani uliitwa Thugga. Mwaka 1997 mji huo uliandikwa katika orodha ya UNESCO ya mahali pa urithi wa dunia, na ukasifiwa kuwa ndio mji mdogo wa Kirumi uliohifadhika vizuri kupita yote katika Afrika ya Kaskazini.

Tena neno Afrika lenyewe lina asili yake pande hizo. Warumi walipouangamiza mji wa Karthago mwaka 146 kabla ya Kristo, waliifanya nchi waliyoiteka kuwa jimbo, wakaliita Africa. Jina lililokuwa la jimbo moja dogo likaenea kidogo kidogo, hata likawa jina la bara zima mpaka Rasi ya Tumaini Jema. Kwa hiyo mtu wa Kenya asafiriye kwenda huko haendi kutazama mambo ya wageni tu.

Lakini safari ya namna hiyo si ya kuondoka bila shauri. Yeye aendaye mbali kwa fedha alizojiwekea kwa muda mrefu, kisha akafika mahali pasipo kivuli saa sita ya mchana bila maji, na bila kujua atazame nini kwanza, hurudi kwao na picha chache na maumivu ya kichwa.

Jambo la kwanza la kufikiriwa ni majira. Mtu aliyezoea nchi ambayo mchana na usiku hulingana mwaka mzima huenda asikumbuke kwamba Tunisia iko mbali sana na ikweta. Mwezi wa Julai na Agosti joto la bara huweza kupita digrii 40, na mji wa Dougga uko wazi juu ya kilima, mawe yake yakipokea jua tangu asubuhi. Desemba mpaka Februari kuna mvua na baridi yenye upepo, na mawe ya njia za kale huwa na utelezi. Miezi iliyo bora ni Machi, Aprili na Mei, na baada ya hiyo, Oktoba. Mwezi wa Aprili mashamba ya ngano yaliyo bondeni huwa ya kijani kibichi, na mtu akiyatazama kutoka juu hufahamu mara moja mji huu ulipata wapi utajiri wake. Jimbo la Africa lililisha Roma kwa nafaka, na bonde hili lilikuwa mojawapo ya maghala yake.

Yafaa pia kutazama kalenda ya Kiislamu. Katika mwezi wa Ramadhani hoteli nyingi ndogo za chakula hufungwa mchana, na watu hukimbilia makwao kabla ya magharibi ili wapate kufuturu, hata magari huwa haba saa hizo. Mgeni asiyefunga hakatazwi kuzuru, ila yampasa achukue chakula chake na kukila kwa siri, kwa adabu.

Habari ya fedha ni hii. Fedha ya nchi ni dinari, na sheria ya Tunisia hairuhusu kuiingiza nchini wala kuitoa. Basi hakuna haja ya kuhangaika kuitafuta Nairobi. Msafiri hubadilisha fedha zake afikapo, kiasi cha kumtosha, na kuitunza risiti ya benki, kwa maana huenda akaulizwa risiti hiyo atakapotaka kubadilisha masalio siku ya kuondoka. Kuhusu lugha, wenyeji husema Kiarabu cha kwao, na wengi wajua Kifaransa, kwa kuwa nchi ilikuwa chini ya himaya ya Ufaransa tangu 1881 mpaka ilipopata uhuru wake mwaka 1956. Mswahili atashangaa kusikia maneno anayoyajua, kama vile kitabu, sabuni na kahawa, yakitamkwa kwa namna nyingine kidogo. Lakini asidhani kwamba maneno hayo yatamfikisha mbali katika mazungumzo.

Kutoka Tunis mpaka Dougga ni mwendo wa kilomita 110 hivi kuelekea kusini magharibi, nao hauzidi sana saa mbili. Mwenye fedha huajiri gari pamoja na dereva kwa siku nzima. Asiye nazo hupanda gari la abiria liitwalo louage mpaka mji mdogo wa Téboursouk, kisha hupatana na teksi impeleke kilimani, kilomita chache tu. Louage haina saa ya kuondoka. Huondoka viti vikijaa, jambo ambalo mtu wa Kenya hahitaji kuelezwa. Tofauti iliyopo ni kwamba huchukua watu wanane, na wakitimia wanane, basi, hakuna wa tisa anayebanwa mlangoni. Tunis ina stendi zaidi ya moja, na kila moja ina njia zake, hivyo yafaa kuuliza hotelini jioni ya kuamkia safari. Tena apatane na dereva wa teksi habari ya kurudi kabla hajashuka garini, kwa maana juu ya kilima hakuna gari la kungojwa, na mwisho wa mchana magari ya Tunis huwa machache.

Njia yenyewe ina mambo yake. Gari hupita Medjez el-Bab, ambapo kuna makaburi ya askari waliokufa katika vita vya 1942 na 1943. Mbele kidogo upo mji wa Testour, uliojengwa katika karne ya 17 na Waislamu waliofukuzwa Hispania. Mnara wa msikiti wao mkubwa una saa ambayo mishale yake huzunguka kinyume, kutoka kulia kwenda kushoto, kama usomavyo mwandiko wa Kiarabu. Mwenye gari la kukodi asikose kusimama hapo dakika chache.

Sasa mji wenyewe. Afikaye saa tatu ya asubuhi ana muda wa kutosha, maana mahali hapa pahitaji saa tatu au nne za kutembea polepole. Achukue chupa mbili za maji, kofia, na viatu vilivyozoea mguu. Viatu vipya vya safari vimewaharibia watu siku yao mara nyingi.

Mtu akiingia huliona kwanza jumba la michezo, lililojengwa mwaka 168 au 169 baada ya Kristo kwa fedha za tajiri mmoja wa mji, jina lake Publius Marcius Quadratus. Viti vyake vya mawe, vilivyopangwa kwa ngazi katika ubavu wa kilima, viliweza kuchukua watu 3,500, na mpaka siku hizi michezo na muziki huonyeshwa humo katika majira ya joto. Wageni wengi hukaa hapo muda mrefu mno, wakipanda na kushuka, wakijaribu sauti zao, kisha hulifikia hekalu jua likiwa utosini. Afadhali kwenda moja kwa moja kwenye hekalu, na kulirudia jumba la michezo wakati wa kutoka, ambapo miguu imechoka na kiti cha jiwe kina thamani yake.

Kabla tu ya hekalu kuna uwanja mdogo uliotandikwa mawe, na katika mawe hayo kumechongwa duara kubwa lenye majina ya pepo 12 kwa Kilatini, kila upepo mahali utokako. Watu wa pwani, ambao babu zao walipanga safari zao zote kwa kaskazi na kusi, wataelewa kwa nini wakulima wa ngano waliona pepo kuwa zastahili kuandikwa katikati ya mji.

Hekalu limesimama juu ya msingi wa mawe, na hupandwa kwa ngazi pana. Lilijengwa kwa ajili ya miungu watatu waliokuwa wakuu wa dola ya Kirumi, yaani Jupiter, Juno na Minerva, na hekalu la miungu hao watatu huitwa Kapitoli, kwa mfano wa lile lililokuwa Roma. Mbele pana nguzo sita, nne kwa safu na mbili nyuma yake pembeni, kila moja ikikaribia urefu wa mita nane, zikiwa na mifereji iliyochongwa toka juu mpaka chini, na vilemba vyake vimetiwa nakshi ya majani. Maandishi yaliyo juu ya nguzo yaeleza kwamba jengo lilitolewa wakfu kwa usalama wa makaisari wawili waliotawala pamoja, Marcus Aurelius na Lucius Verus, na kwa hayo wataalamu wamejua kwamba lilimalizika mwaka 166 au 167. Juu zaidi, katika pembetatu ya paa, kuna sanamu iliyoliwa na mvua, ambayo mgeni asiyeambiwa hupita bila kuiona: ni mtu achukuliwaye juu na tai. Mtu huyo ni Kaisari Antoninus Pius, aliyekufa mwaka 161, naye aonyeshwa akipelekwa mbinguni kuwa mungu, kama walivyoamini Warumi juu ya makaisari wao.

Fedha za kujenga hazikutoka Roma. Zilitolewa na watu wawili wa mji huo huo, Lucius Marcius Simplex na Lucius Marcius Simplex Regillianus, wa ukoo uleule wa yule aliyejenga jumba la michezo. Ilikuwa desturi ya wakati ule kwamba tajiri atakaye heshima ya wenzake huijenga kwa mawe, mahali ambapo kila mtu ataiona.

Mgeni akipita mlango huingia chumba kimoja chenye upana wa mita 13 hivi, ambacho paa lake limetoweka. Katika ukuta wa nyuma mna vishubaka vitatu, cha katikati kikubwa, na hapo alisimama Jupiter wa marmari aliyekuwa mrefu mara tatu na zaidi kuliko binadamu. Vipande vya sanamu hiyo vilionekana wakati wa kuchimbua. Lakini afadhali mtazamaji ageuze macho kwenye kuta za pembeni. Hazikujengwa kama kuta za Roma. Mawe makubwa yamesimamishwa wima kama nguzo, na nafasi zilizo katikati yake zimejazwa mawe madogo. Ufundi huo ulikuwa wa nchi hiyo tangu enzi za Karthago, na wataalamu huuita kwa Kilatini opus africanum, maana yake kazi ya Kiafrika. Mbele ya hekalu ni Roma, lakini mikono iliyoinua kuta ilifuata njia iliyorithiwa kwa baba zao.

Ndivyo ulivyokuwa mji wenyewe. Haukuanzishwa na Warumi. Kabla yao ulikuwa mji wa Wanumidia, wenyeji wa nchi, chini ya mfalme Massinissa na wanawe, nao walimjengea Massinissa hekalu baada ya kufa kwake. Warumi walipofika, mji ulikaa miaka zaidi ya 200 kama miji miwili katika mahali pamoja: wenyeji wakiwa na mabaraza yao, na raia wa Kirumi wakiwa na yao. Mwaka 205 makundi haya mawili yaliunganishwa kuwa manispaa moja, wakati wa Kaisari Septimius Severus, ambaye mwenyewe alizaliwa Afrika, katika mji wa Leptis Magna ulio Libya ya leo. Hata miungu ilifuata njia hiyo. Kwenye ukingo wa kilima kuna nguzo za hekalu la Saturn, lililojengwa mwaka 194 au 195 mahali palepale ambapo watu walikuwa wakimwabudu Baal Hammon, mungu wa Karthago. Na upande mwingine wa mji, kati ya mizeituni, limo hekalu la Juno Caelestis, ndani ya ua wenye umbo la mwezi mwandamo. Huyo alikuwa Tanit wa zamani kwa jina jipya. Mwenye muda wa hekalu moja tu baada ya Kapitoli achague hili la mizeituni, maana lina kivuli.

Kuta nene na mbaya zilizoizunguka Kapitoli si za hekalu. Katika karne ya 6 askari wa Kaisari Justinian walijenga ngome hapo, wakachukua mawe ya majengo mengine yaliyokuwa karibu, wakalitia hekalu ndani ya boma lao. Mtu huweza kuwalaumu kwa kuvunja, walakini inawezekana kwamba hekalu limesalimika kwa sababu lilikuwa ndani ya boma.

Liko jengo moja ambalo wageni wengi huliacha kwa kuwa liko chini ya mteremko, mbali na mengine, na kupanda tena kwachosha. Lisiachwe. Ni mnara wa kaburi wa ghorofa tatu, urefu wake mita 21, uliojengwa katika karne ya 2 kabla ya Kristo, wakati wa wafalme wa Numidia, zaidi ya miaka 250 kabla ya Kapitoli. Mnara huo ulikuwa na jiwe lenye maandishi ya lugha mbili, Kipunisi cha Karthago na Kilibya cha wenyeji, ambacho herufi zake ni za jamaa moja na zile wazitumiazo Watuareg wa jangwa la Sahara. Msafiri Thomas d'Arcos aliyaona maandishi hayo mwaka 1631. Kwa kuwa Kipunisi kilikuwa kikisomeka, kiliwawezesha wataalamu kuanza kuzifungua herufi za Kilibya, ambazo hakuna aliyekuwa akizijua tena.

Mwaka 1842 Sir Thomas Reade, aliyekuwa mwakilishi wa serikali ya Uingereza mjini Tunis, alilitaka jiwe hilo. Ili lipatikane, mnara ulibomolewa. Jengo lililostahimili Warumi, Wavandali na ngome ya Justinian likaanguka kwa ajili ya maandishi yake, na mawe yake yakalala mtelemkoni zaidi ya miaka 60, mpaka Mfaransa Louis Poinssot alipoyakusanya na kuyasimamisha tena kati ya 1908 na 1910. Jiwe lenye maandishi lilinunuliwa na jumba la British Museum, London, mwaka 1852, nalo liko huko. Maandishi hayo yamtaja Ateban, mwana wa Iepmatath, pamoja na wajenzi, maseremala na wahunzi. Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba Ateban ndiye aliyezikwa humo. Wataalamu wa siku hizi huona kwamba huenda alikuwa mkuu wa mafundi. Basi kaburi liko Dougga, na majina ya waliolijenga yako London. Ni vigumu kuitetea kazi hiyo, hata kwa kusema kwamba mawazo ya zamani yalikuwa mengine; kunakili maandishi kulitosha, na kulikwisha kufanywa miaka 200 kabla.

Na si mawe tu yaliyohamishwa. Kwa vizazi vingi kulikuwa na kijiji ndani ya magofu, watu wakilala na kufuga katikati ya kuta za Kirumi. Katika karne ya 20 wakazi hao walihamishiwa kijiji kipya kilicho chini kwenye uwanda, kiitwacho Dougga Mpya, ili mji wa kale upate kuchimbuliwa na kutunzwa. Wajukuu wao huonekana mara nyingi kilimani wakichunga kondoo au wakijitolea kuwaongoza wageni. Mgeni atakaye kuongozwa na apatane ujira kwanza, waziwazi, kama afanyavyo sokoni; lakini asiwaone kuwa ni wasumbufu katika nyumba ya mtu mwingine.

Asiokote kitu. Kipande cha kigae, kijiwe cha rangi kilichobanduka sakafuni, sarafu anayouziwa na mtoto, vyote hivyo hukatazwa na sheria ya nchi kutolewa, na forodha ya uwanja wa ndege hupekua. Sarafu nyingi ziuzwazo hivyo ni za bandia hata hivyo.

Michoro ya vijiwe iliyokuwa katika sakafu za nyumba za Dougga haiko tena kilimani, ila michache. Ilibebwa mpaka jumba la makumbusho la Bardo, Tunis, na kwa hiyo yafaa safari ipangwe kwa siku mbili: ya kwanza Dougga, ya pili Bardo. Jumba hilo lilishambuliwa na watu wenye silaha Machi 2015, wakauawa wageni wengi, kisha lilifungwa tangu 2021 mpaka 2023, na baadaye likafunguliwa tena. Humo msafiri ataona mchoro mashuhuri wa Ulysses, amefungwa kwenye mlingoti wa meli yake asije akazifuata sauti za viumbe waimbao, mabaharia wenzake wakitazama upande mwingine. Umetoka katika nyumba moja ya Dougga, mwendo mfupi kutoka Kapitoli, ambayo sakafu yake msafiri atakuwa ameiona jana yake ikiwa tupu. Lina siku ya kufungwa katika juma, naye aiulizie kabla ya kupanga hesabu ya siku zake.